Yangeyange wa Mtaa wa Furahini

Nchi yenyewe msiniulize jina. Hata wenyewe wakiulizwa hutazama kwanza nyuma yao, kisha husema, "Aa, hapa hapa tu." Ni nchi nzuri, nawaambieni. Ina bendera, ina wimbo, na ina mtawala ambaye hajaitwa mtawala hata siku moja. Anaitwa Mgeni Rasmi. Cheo kwa ukamilifu wake ni Mgeni Rasmi wa Kudumu.

Waliokitunga cheo hicho walikuwa na akili nyingi kupita mahitaji. Mwenye nyumba huulizwa maswali: paa linavuja kwa nini, choo kimejaa kwa nini, watoto wamelala na njaa kwa nini. Mgeni nani amuulize? Mgeni hukaribishwa, huvishwa shada, hupewa kiti chenye kitambaa, hula wa kwanza na kuondoka kabla vyombo havijaoshwa. Basi yeye alikuwa mgeni tangu watu wazima wa leo wakiwa migongoni mwa mama zao, na kila alikokwenda alishangaa pamoja na wananchi. "Kumbe hapa hakuna maji!" angesema, na watu wangempigia makofi kwa kuwa na macho.

Kwenye ukuta wa kila ofisi iliandikwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Ile methali nyingine, isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ilifutwa vitabuni zamani. Mwalimu mmoja ilimponyoka darasani. Alihamishiwa shule ambayo haijajengwa.

Na ukweli usemwe, wenyeji walikuwa wakipona. Palipotarajiwa kukanyagwa na Mgeni Rasmi, mashimo yalizibwa, taa ziliwaka, hospitali ziliota madaktari. Kwa hiyo watu wa nchi ile waliacha kabisa kulalamika, wakajifunza kualika. Lakini wenye kualika ni wengi na Mgeni ni mmoja, na kualika kunataka kujuana. Asiyejuana na mtu alibakiwa na mlango mmoja tu: Shindano la Taifa la Picha. Picha iliyoshinda, Mgeni Rasmi alikwenda kupaona mahali ilipopigwa. Mwaka uliotangulia ilishinda zahanati isiyo na paa. Kabla Mgeni hajafika ikapata paa, vitanda na muuguzi mwenye viatu vyeupe. Kuanzia hapo nchi nzima ikanunua kamera.

*

Katika Mtaa wa Furahini alikuwepo msusi mmoja, Sikudhani, mwanamke mwenye saluni na mdomo. Saluni haikuhitaji bango. Kicheko chake kilifika hadi kituo cha basi. Kwake nyumba isiyo na watu ilikuwa kaburi lenye madirisha. Ukitaka kujua nani kaachwa, na nani kaongezewa mke mwenza huku akidhani mume yuko semina, ulikaa kwenye kiti cha Sikudhani, ukatoka na habari na nywele.

Kisha chemba ya majitaka iliyo mbele ya mlango wake ikapasuka.

Ilianza kwa kutoa povu, kama mtu anayetaka kusema neno akajizuia. Halafu ikasema yote. Ikatandaza mbele ya saluni bwawa la kijani lenye utando juu kama maziwa yaliyolala, na ndani yake vilielea vitu ambavyo kila mtu alivijua na hakuna aliyevitaja. Harufu yake haikuwa ya kupita; ilikuwa na makazi. Ililala kwenye mito, iliingia kwenye chai. Maharusi ndio waliokimbia kwanza, maana nani anataka kuingia kwa mumewe ananuka Furahini? Wakafuata wa kusuka mistari, wakafuata hata wale waliokuja kwa umbea peke yake. Sikudhani akabaki na viti, vitana, na nzi wenye afya.

Majirani walikwenda ofisi ya mtaa, wakaambiwa chemba ni ya manispaa. Manispaa wakasema bomba ni la wizara. Wizara wakasema bomba kweli ni lao, ila kilichomo ndani ni cha wananchi wenyewe.

Ndipo siku moja akatokea Bwana Lwitiko, katibu wa shindano, leso puani. Kanuni ilidai jopo la majaji liwe na mwananchi mmoja wa kawaida apendaye picha. Alichungulia saluni, akaona ukuta uliojaa picha za mitindo ya nywele.

"Mama, wewe unapenda picha?"

"Mie? Nakula nazo, nalala nazo."

Bwana Lwitiko akaandika jina lake na kuondoka mbio bila kuuliza swali la pili.

Sikudhani hakukaa. Alimwita jirani yake Mama Tausi, na Chande, mpiga picha za pasipoti na harusi ambaye naye biashara ilikuwa imemnyauka.

"Shoga, uwe jaji kwenye kesi yako mwenyewe?" Mama Tausi alimkodolea macho.

"Kwani nchi hii kuna jaji anayekaa kwenye kesi ya mtu mwingine?"

Chande alikuwa tayari anakunja mikono ya shati. "Niachieni mimi. Nitaipiga chemba ikichemka, wakiiona walie."

"Ukipiga cha kuliza wanakitupa," Sikudhani akamkata. "Wale hawapendi kulizwa wakiwa wanakula. Sikiliza, Chande. Umepiga maharusi wangapi wenye sura ngumu? Unawafanyaje?"

"Nawatafutia upande."

"Haya, na hiki kinyesi kitafutie upande."

"Dada, hiki hakina upande."

"Kila bwana harusi ana upande, mdogo wangu. La sivyo watu wasingeolewa."

Asubuhi Chande akapanda juu ya bati, jua likichomoza, pua kaziba kwa pamba, akamtafutia bwana harusi upande.

*

Jopo lilikutana kwenye jumba lenye zulia ambalo mtu alizama hadi kwenye kifundo cha mguu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Ndelemule, mtaalamu wa Uhusiano. Uhusiano wa nini na nini hakuna aliyewahi kumuuliza. Mbele yao zilirundikwa picha, na kando ya picha sinia la sambusa.

"Ndugu majaji," alisema Profesa, akimega sambusa, "alama tisini kwa mia ni uhusiano wa picha na kaulimbiu. Kumi zilizobaki ni adabu."

"Na uzuri?" aliuliza Sikudhani.

"Uzuri wa nini?"

"Wa picha, Profesa."

Profesa akamtazama Lwitiko, Lwitiko akapekua kanuni. "Haumo," akasema.

"Haya. Na kaulimbiu yenyewe ya mwaka huu ni ipi?"

Sambusa zikasimama hewani. Lwitiko alikwenda kufunga mlango.

"Mama," Profesa alishusha sauti, "kaulimbiu hutangazwa na Mgeni Rasmi siku ya kilele. Kuijua kabla yake ni kuonja chakula cha mgeni."

"Sasa picha ikiwa na uhusiano nayo tutajuaje?"

"Ndiyo maana wameitwa wataalamu."

Hapo akaeleza kwa uchungu habari za jopo la zamani, waliompa ushindi mtoto aliyelala kifuani kwa mama yake, picha iliyoliza nchi. Siku ya kilele Mgeni Rasmi akasimama, akatangaza: "Amkeni Tujenge." Majaji wale wote sasa wako kwa yule mwalimu, wanasubiri shule ijengwe. "Kwa hiyo," akahitimisha Profesa, "tunatafuta picha yenye uhusiano na kila kitu na isiyopinga kitu chochote. Anza, Lwitiko."

Lwitiko akainua mlima wenye theluji.

"Kaulimbiu ikiwa Usawa? Huyu mlima anajiona nani? Toa."

Kuku na vifaranga vyake.

"Ikiwa Uzazi wa Mpango je? Mnataka kutumaliza? Toa!"

Jua likizama. Profesa aliifunika kwa kiganja, akatazama dirishani. "Hiyo ichomwe," alisema. "Nani kaleta jua linalozama, wakati huu, Mgeni Rasmi akiwa na umri alionao?"

Timu ya mpira ilitolewa kwa sababu golikipa alikuwa anatazama pembeni, na kwenye Mshikamano hakuna pembeni.

Kisha zikafika zile za wenye shida. Vyoo vya shule vyenye milango ya magunia. Jalala ambalo bibi kizee analichambua kwa fimbo. Daraja la kamba, watoto wamebeba viatu vichwani. Profesa alizipokea kwa ncha za vidole, kama zinadondoka. "Adabu sifuri, adabu sifuri." Mafuta ya sambusa yalitanda juu ya sura ya yule bibi. Akamaliza kula, akachukua picha ya daraja, akaikunja pembe ikawa ncha, akajichokoa nayo meno. Alitoa kipande cha nyama, akakitazama, akakirudisha kinywani.

Sikudhani alikuwa ameishi miezi mingi juu ya uchafu wa mtaa mzima, asitapike. Siku ile, kwenye zulia lile lenye kunukia waridi, alijiziba pua na mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha akaishusha. Alikuwa na saluni ya kuokoa.

Lwitiko akainua ya Chande.

Maji ya kijani, tulivu, yametandwa na dhahabu ya asubuhi. Ndani yake mbingu, mawingu, na bango la Mgeni Rasmi lililo ng'ambo ya barabara, limeinama kichwa chini likitabasamu. Na katikati ya maji, juu ya kivuli cha uso wake, kitu cheupe, laini, kimejikunja.

"Yangeyange," alinong'ona Profesa. Macho yalimlowa. "Ndege wa amani. Amepumzika juu ya paji la uso wa Mgeni."

Sikudhani alikitazama kile cheupe. Alikijua. Ilikuwa pempasi ya mjukuu wa Mama Tausi, na aliijua hata siku iliyotupwa, maana mtoto aliharisha na walitukanana juu yake.

"Ni ziwa gani hili?" aliuliza Profesa.

"Liko Furahini," akajibu Lwitiko akisoma nyuma ya picha. Akakumbuka leso yake, akamtazama Sikudhani, na Sikudhani akamtazama yeye. Lwitiko akakumbuka pia kuwa ana watoto wanaosoma, akaigeuza picha.

"Mama, wewe si wa huko?" Profesa alimgeukia Sikudhani. "Huyu ndege huonekana kweli?"

Neno lilikuwa ulimini. Angesema pempasi, picha ingekwenda kuchokoa meno. Angesema ndege, Mgeni angekuja, na Mgeni akija mwenyeji hupona. Akashusha pumzi.

"Ni yangeyange, Profesa. Huja asubuhi asubuhi. Na ana uhusiano na chochote mtakachotangaziwa: ikiwa Amani, yumo, ikiwa Usafi, mtazame alivyo mweupe, ikiwa Uvumilivu, mtazame alivyotulia."

"Uhusiano mtupu!" Profesa alipiga meza. "Umesomea wapi, mama?"

"Saluni."

"Chuo kizuri," alisema Profesa.

*

Siku ya kilele ukumbi ulijaa fulana. Zilikuwa zimechapishwa mapema: KAULIMBIU YA MWAKA HUU NI, kisha pengo kifuani, na kila mtu amepewa kalamu ya wino mzito. Sikudhani alikaa mbele na Chande na Mama Tausi, vilemba vimesimama kama minara.

Mgeni Rasmi alipanda jukwaani akisaidiwa na watu wanaojifanya hawamsaidii. Akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto. Ukumbi wote ukaacha kupumua. Alikuwa ameisahau kaulimbiu, au hakuwahi kupewa. Akageuka taratibu, akaiona picha ya Chande imekuzwa ukuta mzima, akajiona mwenyewe ndani ya maji.

"Kaulimbiu ya mwaka huu," alisema, "ni Tulinde Tulichonacho."

Profesa Ndelemule alilia kwa sauti. Uhusiano mia kwa mia, kitu ambacho sayansi haijawahi kukiona. Watu wakainamia vifua vyao wakiandika.

"Anakuja!" Sikudhani alimkumbatia Mama Tausi hadi vilemba vikagongana. "Shoga, Mgeni anakuja Furahini! Wiki ijayo saluni inajaa!"

"Pempasi ya Shaibu wangu," Mama Tausi aliitazama picha huku akitikisa kichwa. "Kakua, kaenda mbali."

*

Malori yalikuja kama ilivyo ada, na mtaa wote ukatoka kuyapokea kwa vigelegele. Lori la kwanza lilishusha chokaa. La pili minazi iliyokwisha kukua. La tatu mabenchi, la nne uzio wa chuma wenye vichwa vya dhahabu. Sikudhani alisimama barabarani akitazama mwisho wa msafara.

"Gari la kunyonya liko wapi?" alimuuliza mhandisi.

"La kunyonya nini?"

"Hiki! Hiki unachokanyaga, baba!"

Mhandisi aliutoa mguu wake, akauangalia kwa heshima. "Mama, kaulimbiu ni Tulinde. Nina amri ya maandishi: lisipungue hata tone. Na lile bomba lenu lililopasuka tumeliongeza upana, maana Mgeni anapenda maziwa makubwa."

Siku ya ziara Mgeni Rasmi alifika akiwa na mafua. Wasaidizi wake wote walikuwa na mafua. Mawaziri walipiga chafya kwa zamu, na mtangazaji wa redio akaieleza nchi juu ya upepo mwanana wa Ziwa Furahini. Profesa alivuta pumzi hadi ndani kabisa, akawa kijani kidogo kwenye midomo, akasema, "Asili haina mfano."

"Na yule ndege?" aliuliza Mgeni Rasmi. "Nimekuja kumwona ndege."

Msafara ukaganda. Lwitiko akamvuta Sikudhani nyuma ya mnazi mpya. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola.

"Dada yangu, mama yangu, yangeyange! Ulisema huja asubuhi! Mimi nina watoto wanaosoma!"

"Na mimi nina saluni!"

"Leo hii hutakuwa na saluni wala mimi sitakuwa na watoto. Mlete!"

Kwa hiyo Sikudhani, jaji wa taifa, katika kitenge kipya na hina mikononi, alikwenda uani kwa Mama Tausi, akafunua ndoo, akageuza uso, akachukua. Ilikuwa bado ya moto. Akazunguka nyuma ya uzio, akairusha. Ikatua katikati ya ziwa, ikayumba, ikatulia juu ya kivuli cha bango.

"Yule!" alipaza sauti Mgeni Rasmi, akapiga makofi. "Anapendeza!"

Wakapiga makofi mawaziri, wakapiga Furahini nzima. Sikudhani hakupiga. Mikono yake aliishika mbali na mwili, kama mikono ya mtu mwingine, na harufu ya hina na harufu ya ile nyingine zikampanda pamoja.

Alitunukiwa pale pale cheo cha Mlezi wa Ziwa na Ndege Wake.

*

Na saluni ikajaa. Hapo Sikudhani hakukosea. Ilijaa walinzi waliohitaji kivuli, maofisa waliokuja kukagua rangi ya maji, na wanafunzi wa Profesa waliotumwa kupima uhusiano. Walikaa kwenye viti vya kusukia, wakawa na mafua, wakaondoka. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejua nani kaachwa.

Kiangazi kilipokaza, ziwa likaanza kushuka. Utando ulipasuka, matope yakaonekana, na kwenye matope mambo ambayo dhahabu ya asubuhi haikuweza tena kuyatafutia upande. Ikaja amri: kila nyumba ichangie maji, na isiyokuwa na maji ichangie chochote ilichonacho. Jioni mtaa wa Furahini walipanga mstari na ndoo zao, wamevaa fulana zao za TULINDE TULICHONACHO, wakilijaza. Mbele yao akiwa Mlezi.

Siku moja Sikudhani alimwaga ndoo yake ya mwisho, ikamrukia usoni. Watu walitazama kando. Alijifuta kwa upande wa fulana wenye kaulimbiu, akatazama kitambaa, akaiacha ndoo ivingirike. Akatembea hadi mlangoni kwa Mama Tausi.

"Jirani, jembe bado unalo?"

"La nini? Wewe huna shamba, una ziwa."

"Nataka kuchimba mfereji, pale kwenye uzio, kitoke chote kiende zake. Lakini kwanza nikuulize. Huyu mgeni alifika lini hapa kwetu?"

Mama Tausi alianza kucheka, akaacha. Alitazama nyuma yake, kama desturi ya nchi ile. Walinzi walikuwa wamesinzia kwenye viti vya saluni, bango lilikuwa linatabasamu juu ya matope.

"Mimi nilikuwa sijaolewa bado," alisema polepole. "Na mama yangu, sijui kama alikuwa kaolewa."

"Basi siku mbili zimeshapita, shoga."

Mama Tausi akaingia ndani, akafukua uvunguni, vyombo vikagongana, mjukuu akalia. Alipotoka ameshika majembe mawili.